SOMO LA AFYA: SARATANI YA MATITI INAPOZOEA DAWA

Shabaha ya somo: Tukimaliza, kila mwanachama aweze kueleza kwa nini dawa ya saratani ya matiti inaweza kuacha kufanya kazi, watafiti wamepata nini, na kikundi kimsaidie mgonjwa namna gani.

Muda: Saa moja na nusu. Mnaweza kuligawa kwa mikutano miwili.

Vifaa: Kufuli moja na ufunguo wake, ufunguo mwingine usiofungua kufuli hiyo, bahasha moja, na pilipili kavu kidogo.



Saratani si jambo geni tena katika vijiji vyetu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake karibu 6,800 hapa Kenya walipatikana na saratani ya matiti katika huo mwaka mmoja, na karibu 3,100 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine inayopata akina mama wengi hivyo nchini.

Habari ya kujipima matiti na kwenda hospitali mapema nyote mmeisikia. Leo tunaendelea mbele kidogo. Tunataka kuzungumza juu ya yule mama ambaye alienda hospitali, akapasuliwa, akawekewa dawa, akapata nafuu na kurudi kwa kikundi. Halafu baada ya miaka mitatu hivi anaanza kusikia uchungu mgongoni. Anapimwa, anaambiwa ugonjwa umerudi, na tembe anazokunywa haziuwezi tena.

Hapo ndipo utasikia watu wakisema, "Dawa imekataa." Wengine wanaanza kutafuta ni nani amemroga. Wengine wanasema ni dhambi. Mzee wa nyumba anauza ng'ombe ampelekee mtu wa mitishamba aliyeahidi uponyaji kwa siku saba. Kikundi nacho kimechoka kuchanga. Mama anabaki kitandani akingojea tu.

Sasa tujifunze pamoja. "Dawa hii imekataa" na "hakuna dawa" si maneno mamoja. Tofauti hiyo inaweza kumwongezea mtu miaka.

1. TUANZE NA KUPE

Muulize mfugaji yeyote mzee. Atakwambia dawa ya josho ilibadilishwa mara kadhaa. Kwa nini? Kwa sababu kupe waliizoea. Katika kupe elfu moja, wachache walikuwa na nguvu ya kuistahimili. Wale wengine wakafa, hawa wachache wakabaki na kuzaana. Baada ya muda josho likajaa kupe wasioogopa dawa.

Malaria pia ilifanya vivyo hivyo. Klorokwini ilitusaidia miaka mingi, lakini vijidudu viliizoea mpaka Kenya ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998.

Saratani inafanana na hayo. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, zile watoto wanafundishwa shuleni kwa jina la seli. Saratani ni chembe za mwili wenyewe ambazo zimeacha kutii na zinaongezeka ovyo. Katika uvimbe mmoja kuna mamilioni ya chembe, na zote hazifanani. Dawa inaua nyingi. Zile chache ambazo zimejigeuza zinabaki, zinaongezeka pole pole, na baada ya miezi au miaka ugonjwa unaonekana tena.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na mwalimu aisisitize. Kupe na malaria hupitishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Saratani ya matiti haiambukizi, hata ile iliyozoea dawa. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye na kumwosha. Asitengwe.

2. SARATANI YA MATITI SI MOJA

Mwalimu ainue ile kufuli. Mwanachama mmoja ajaribu kuifungua kwa ufunguo usio wake, halafu kwa ufunguo wake.

Juu ya chembe za matiti, au ndani yake, kuna vitu kama kufuli. Vinaitwa vipokezi. Ufunguo ukiingia, chembe inaambiwa "ongezeka." Madaktari hupima vipokezi hivyo kwa kutoa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe na kukipeleka maabara. Wanapata makundi makubwa matatu:

(a) Saratani inayolishwa na homoni za kike, hasa estrojeni. Duniani ndiyo nyingi zaidi, karibu saba katika kila kumi.

(b) Saratani yenye kipokezi kingi cha HER2. Ni kati ya 15 na 20 katika kila wagonjwa 100. Mingine huwa na homoni na HER2 kwa pamoja.

(c) Saratani isiyo na estrojeni, wala projesteroni, wala HER2 nyingi. Inaitwa hasi tatu. Hii ni kali, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, na wanawake wenye umri mdogo.

Kwa hiyo mama wawili wa kijiji kimoja, wote na saratani ya matiti, wanaweza kupewa dawa tofauti kabisa. Usimwazime jirani tembe zako. Ufunguo wako si wa kufuli yake.

Dawa ya kundi la kwanza inayojulikana sana ni tamoksifeni. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962. Inaziba ile kufuli ili estrojeni isiingie. Mama mwenye saratani ya aina hii akiinywa miaka mitano baada ya kupasuliwa, hatari ya kufa kwa ugonjwa huu hupungua kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Ni tembe ya kawaida, si ya bei kubwa, lakini wengi huiacha njiani wakiona wamepona. Hili tutalirudia.

3. CHEMBE ZINAPONYOKAJE?

Watafiti wamegundua njia nyingi. Tutaje nne tu.

Njia ya kwanza ni kubadilisha kufuli. Chembe inajigeuza hivi kwamba kipokezi cha estrojeni kinabaki kimefunguka hata bila ufunguo. Hapo kuondoa estrojeni mwilini hakusaidii tena.

Njia ya pili ni kupitia dirishani. Ukifunga mlango wa homoni, chembe inatafuta njia nyingine ya kupokea amri ya kuongezeka.

Njia ya tatu ni kutapika dawa. Mwaka 1976 watafiti wa Toronto, Kanada, walieleza juu ya protini moja ambayo hufanya kazi kama pampu. Dawa ikiingia ndani ya chembe, pampu inaitoa nje kabla haijafanya kazi.

Njia ya nne ni kulala. Chembe chache zinajificha kwenye mifupa au kwingineko bila kuongezeka. Kwa kuwa dawa nyingi za kemo hushambulia chembe zinazoongezeka, hizi zinaachwa. Zinaweza kuamka baada ya miaka.

Mnaona hapo hakuna uchawi. Wala si kosa la mgonjwa.

4. WATAFITI WAMEPATA NINI?

Tuanze na jambo ambalo halikufaulu, ili tujue utafiti si kazi ya siku moja. Ile pampu ilipojulikana, watu walisema, "Si tuizibe tu?" Dawa za kuiziba zikajaribiwa kwa wagonjwa miaka mingi. Hazikuleta faida iliyotarajiwa, na nyingine ziliwadhuru, manake pampu hiyo hiyo inalinda pia sehemu nzuri za mwili. Ikabidi watafute njia nyingine.

Kuziba kile kipokezi cha HER2. Mwaka 1987 Dr. Dennis Slamon wa Los Angeles, Marekani, na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wenye HER2 nyingi walikuwa na ugonjwa mkali zaidi. Wakati huo kupata jibu la HER2 kulikuwa habari mbaya. Mwaka 1998 dawa ya trastuzumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, ilikubaliwa kutumika Marekani. Inashika kipokezi hicho na kukizuia. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima.

Kusimamisha gurudumu la kuongezeka. Kila chembe kabla ya kugawanyika mara mbili hupitia hatua fulani, kama gari kwenye kizuizi cha polisi. Dawa ya palbosiklibu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2015, na wenzake wawili waliofuata mwaka 2017, hufunga kizuizi hicho. Katika utafiti mmoja wa wanawake ambao dawa za homoni zilikuwa zimewashinda, waliopewa palbosiklibu pamoja na sindano ya homoni walikaa miezi 9 na nusu hivi kabla ugonjwa haujasonga. Waliopewa sindano peke yake walikaa miezi 4 na nusu hivi.

Kuvunja ile kufuli iliyogeuka. Mwaka 2023 tembe ya elasestranti ilikubaliwa Marekani kwa wagonjwa ambao kipokezi chao cha estrojeni kimejigeuza. Na kujua kama kimejigeuza, mgonjwa hutolewa damu ya mkononi tu, kwa sababu chembe za saratani huacha alama zake kwenye damu.

Kupeleka sumu kwa bahasha. Mwalimu atie pilipili ndani ya bahasha, aifunge, aipitishe kwa wanachama. Je, kuna aliyewashwa? Hakuna. Sasa mmoja aifungue anuse. Ndivyo dawa hizi zinavyofanya. Sumu kali ya kuua chembe imefungwa kwenye kitu kinachojua anwani ya chembe ya saratani, na sehemu kubwa ya sumu hufunguliwa ikifika huko. Mojawapo ni trastuzumabu derukstekani. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 557 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na tayari walikuwa wametumia kemo. HER2 yao ilikuwa kidogo tu, na zamani wangeambiwa dawa za HER2 si zao. Nusu ya waliopewa dawa mpya waliishi zaidi ya miezi 23. Kwa waliopewa kemo ya kawaida ilikuwa karibu miezi 17.

Hata wale wa hasi tatu wamepata bahasha yao. Inaitwa sasituzumabu, na ilikubaliwa Marekani mwaka 2020. Katika utafiti wake nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 12, badala ya miezi 6 na kidogo kwa kemo ya kawaida.

Kutumia udhaifu wa kuzaliwa nao. Kuna familia ambazo saratani ya matiti inafuatana kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, kwa sababu ya hitilafu katika urithi iitwayo BRCA. Chembe za namna hii haziwezi kujirekebisha vizuri zikiharibiwa. Dawa ya olaparibu, iliyokubaliwa kwa saratani ya matiti mwaka 2018, inazinyima hata ile njia ndogo ya kujirekebisha iliyobaki.

5. TUSEME UKWELI

Ndugu zangu, tusidanganyane. Mambo matatu yasemwe wazi.

Kwanza, saratani ikishasambaa hadi mifupa, mapafu au ini, dawa nyingi kati ya hizi hurefusha maisha na kupunguza maumivu. Kwa kawaida haziponyi kabisa. Lakini miezi sita kwa mama mwenye mtoto wa darasa la nane si kitu kidogo.

Pili, zina madhara. Zile za bahasha zinaweza kuleta kichefuchefu na kupunguza damu, na derukstekani inaweza kuvimbisha mapafu. Kikohozi kipya au kukosa pumzi ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, nyingi bei yake iko juu mno kwa mtu wa kijijini. Hapa kuna habari njema kidogo. Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche kwamba Herceptin, iliyokuwa karibu shilingi 120,000 kwa dozi moja, itatolewa kwa shilingi 40,000 na zilipwe na bima ya SHA. Kwa hiyo kila mwanachama ajiandikishe SHA na alipe mchango wake kabla hajaugua. Na kabla ya kuitisha harambee yoyote, mgonjwa aulize hospitalini bima yake inalipa nini.

6. JE, UTAFITI NI KUFANYWA PANYA?

Swali hili huulizwa sana. Dawa zote tulizotaja zilijulikana kwa sababu akina mama wagonjwa walikubali zijaribiwe kwao. Lakini utafiti una sheria. Hapa Kenya majaribio ya dawa ni lazima yapitishwe na kamati ya maadili na yaidhinishwe na Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoelewa, apewe karatasi na nafasi ya kuuliza, akubali kwa hiari yake. Anaweza kutoka wakati wowote na aendelee kupata matibabu ya kawaida. Mtu akikuambia ulipe ili upewe dawa ya majaribio, au usiulize maswali, ondoka hapo.

7. MCHEZO MFUPI WA KUIGIZA

Wahusika: Mama mgonjwa, Mama Mwenyekiti, na Nesi.

MWENYEKITI: Sista, tumemleta mwenzetu. Ugonjwa umerudi. Sisi tumechanga shilingi elfu ishirini, tunataka umwandikie ile dawa mpya tulisikia kwa redio.

NESI: Karibuni, mama. Poleni na safari. Kwanza mniambie, ule uvimbe wa kwanza ulikuwa wa aina gani?

MGONJWA: Sijui, Sista. Walinipa karatasi, lakini nyumba ilinyeshewa.

NESI: Na tembe zako umekuwa ukinywa kila siku?

MGONJWA: (Ananyamaza kidogo.) Nilikunywa mwaka mmoja. Nikaona nimepona, nikaacha.

MWENYEKITI: Hee! Na hukutuambia!

NESI: Pole pole, Mama Mwenyekiti, tusimlaumu. Mama, ukiacha tembe hatuwezi kusema dawa imekataa. Labda bado inaweza kukusaidia. Nitakuandikia barua uende hospitali kubwa. Wakiweza, watatoa kipande kingine cha nyama pale ugonjwa ulipotokea sasa, wakipime upya, kwa maana ugonjwa uliorudi unaweza kuwa umebadilika.

MWENYEKITI: Kumbe hizo elfu ishirini ni za kipimo kwanza, si za dawa!

NESI: Kwanza muulize SHA italipa ngapi. Yenu yasaidie nauli na kile kitakachobaki. Dawa ataamua daktari akishaona majibu.

8. KIKUNDI CHETU KIFANYE NINI?

• Tuhifadhi karatasi. Kila mgonjwa awe na faili ya plastiki yenye ripoti ya maabara, majina ya dawa alizopewa na tarehe. Nakala moja ikae kwa mwandishi wa kikundi au kwa mtu anayeaminiwa, kama mgonjwa mwenyewe atakubali.

• Mgonjwa aulize maswali matatu: Saratani yangu ni ya kundi gani? Dawa hii ni ya muda gani? Ugonjwa ukirudi, nitapimwa upya?

• Tukumbushane tembe. Mama mmoja awe rafiki wa dawa wa mwenzake. Akisikia joto jingi au viungo kuuma, asiache dawa kimya kimya. Arudi kliniki. Daktari anaweza kumbadilishia.

• Dalili za kurudi: uvimbe mpya titini, kwapani au kwenye kovu, uchungu wa mfupa usiokwisha, kukosa pumzi, macho kuwa manjano, kichwa kuuma sana kila siku. Asingoje siku ya kliniki.

• Pesa ziende mahali pake. Tuchange kwanza kwa nauli, kipimo, na mahali pa kulala mjini. Hospitali za Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Nairobi, na ya Moi huko Eldoret, zinatibu saratani. Safari ndiyo inawashinda wengi.

• Dawa za kienyeji: asiyeweza kuziacha amwambie daktari, maana nyingine hugongana na dawa ya hospitali.

• Na kama daktari anasema dawa zimefika mwisho, bado kuna kazi. Dawa ya maumivu ni haki ya mgonjwa. Kumlimia shamba, kukaa naye na kuomba naye pia ni matibabu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Hapa kwetu, mtu ugonjwa wake ukirudi watu husema nini? Maneno gani yanamvunja moyo?

2. Eleza kwa mfano wa kupe kwa nini dawa moja inaweza kushindwa na nyingine ikafaulu.

3. Kuna mama kati yetu aliyewahi kutibiwa? Je, karatasi zake ziko wapi leo?

4. Katika harambee yetu ya mwisho ya mgonjwa, pesa zilienda wapi? Tungefanya tofauti gani?

Tumalizie na yule Msamaria Mwema. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya punda wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Wengi wetu tunafika hapo. Lakini yeye aliacha pia fedha, akaahidi kwamba atarudi na kulipa kitakachozidi. Ugonjwa unaorudi unataka jirani anayerudi.

Kazi kabla ya mkutano ujao: Wanachama wawili wamtembelee mgonjwa mmoja wa kijiji, wamsaidie kupanga karatasi zake kwenye faili, na waandike yale maswali matatu aende nayo kliniki.

Bwana awabariki.